Kikuku cha Nakijwa

Mwaka ambao vijito vya mwisho vya msitu wa Chome vilikauka, watu wa milimani walikuwa wamekwisha kuzoea kunywa ukungu. Nyavu ndefu kuliko minara ya makanisa zilisimamishwa juu ya kilele cha mlima Shengena. Kila alfajiri ukungu uliopanda kutoka tambarare ulinaswa humo, ukageuka matone, matone yakachuruzika hadi kwenye mabomba, na mabomba yakateremka kwenye matangi ya kila kijiji. Lakini nyavu hazikujitunza zenyewe. Kuvu iliziziba, nyuzi zilikatika, kulabu zilishika kutu. Miaka ya mwanzo zilijaribiwa droni, upepo wa kileleni ukazibamiza kwenye nguzo mpaka zikaisha. Basi kazi ikarudi mikononi mwa watu, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wameshuka kufanya kazi kwenye mashamba ya umeme wa jua, wapandaji wa nyavu wakawa wanawake.

Walipanda wawili wawili kwa kamba moja. Mmoja alikwenda juu kuziba matundu, mwenzake akabaki kwenye kikanyagio cha chini akiwa ameizungusha kamba kiunoni. Wa juu akiteleza, uzito wake wote ulimwangukia wa chini, kwenye mikono, mgongo na nyonga zake. Kwa hiyo kila mpandaji alipaswa kujua anafungwa kamba na nani.

Namkunda hakupanda. Yeye alikuwa msomaji wa mifupa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya tangi kubwa, chumba cheupe chenye dirisha moja, meza, kioo cha kusomea na mkeka mweusi wa kukanyagia. Wapandaji wote walivaa vikuku miguuni, vyembamba, vya rangi ya udongo, ambavyo mgeni angedhani ni mapambo. Kila mwanamke alipopiga hatua, kikuku kilituma sauti ndogo isiyosikika kwa masikio. Sauti ile ilipita kisiginoni, ikapanda muundi wa mguu hadi nyonga na uti wa mgongo, kisha ikarudi. Mfupa mzito uliirudisha upesi. Mfupa ulioanza kufanya matundu ndani uliichelewesha. Mwanamke alipokuja kukanyaga mkeka wa Namkunda, kikuku kilikabidhi yote kiliyoyasikia tangu alipokuja mara ya mwisho.

Vikuku vilipoletwa, wanawake walivitilia shaka. Waliogopa kwamba siri za miili yao, kama nani amekoma hedhi na nani bado, zingekuwa maneno ya kisimani. Wakakutana, wakabishana, wakakubaliana juu ya pazia. Mwanamke aliyetaka habari za mifupa yake aliambiwa. Asiyetaka, aliweka pazia. Vipimo vyake vilihifadhiwa tu ili mashine izidi kujifunza mifupa ya wanawake wa milimani, na msomaji hakuruhusiwa kumwambia mtu yeyote, hata mwenye mifupa mwenyewe. Namkunda alisimama mbele yao wote akaapa.

Kati ya walioweka pazia alikuwemo dada yake, Nakijwa.

*

Nakijwa aliingia asubuhi moja ya baridi, akavua viatu mlangoni, akasimama juu ya mkeka huku macho yake yakitazama nje dirishani. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote. Hakuwahi kukitazama kioo. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa zaidi ya miaka hamsini, mwenye mabega mapana, kiongozi wa wapandaji tangu siku ya kwanza wanawake walipopanda. Alimwuliza mdogo wake kama paa la jikoni bado linavuja. Namkunda akajibu kwamba limezibwa. Wakati huohuo picha ikaanza kujichora kwenye kioo, kutoka kisigino kwenda juu.

Mfupa wa mtu si jiwe. Ndani yake mna wabomoaji na wajenzi wanaofanya kazi usiku na mchana, hawa wakichimba mfupa wa zamani, hawa wakijaza mpya. Katika ujana wajenzi huwa mbele. Mwanamke anapofika miaka thelathini na kitu hivi, ghala la mifupa yake limejaa kadiri litakavyojaa, na baada ya hapo anaishi kwa akiba. Homoni ya kike ndiyo inayowazuia wabomoaji wasikimbie. Hedhi inapokoma, homoni ile hupungua, wabomoaji hufunguliwa, na katika miaka michache ya mwanzo huchukua sehemu kubwa ya akiba bila kuuma wala kupiga kelele. Namkunda alikuwa amewaeleza wanawake wengi mambo hayo. Alikuwa hajawahi kuyaona kwa mtu aliyemlisha uji alipokuwa mdogo.

Nyonga ya Nakijwa ilionekana kwenye kioo kama kitambaa kilichoanza kuchakaa. Na katikati ya mgongo, pingili moja haikuwa na umbo la pingili tena. Ilikuwa imebonyea upande wa mbele, kama boksi lililokaliwa.

Namkunda alikumbuka mambo ambayo alikuwa ameyaona bila kuyatilia maanani. Gauni la kanisani la dada yake siku hizi lilikuwa linaburuza. Sufuria ya juu kabatini sasa aliishusha kwa kupanda kigoda.

Nakijwa aliuliza kama mashine imemaliza. Namkunda akasema imemaliza. Dada yake akavaa viatu vyake, akamwagiza asisahau maparachichi aliyomwekea, akatoka. Kwenye kizingiti aliweka kiganja mgongoni kwa muda mfupi tu, kama mtu anayerekebisha nguo.

*

Kwa siku kadhaa Namkunda aliibeba habari ile peke yake. Alifungua kioo, akakifunga. Alijua tiba ilikuwepo, na ilikuwa nzuri kuliko zote zilizowahi kuwapo. Ilikuwa sindano ya kuwaamsha wajenzi, na ndani ya mwaka mfupa ulioisha ungeweza kujaa tena kwa kiasi cha kutosha. Lakini sindano haiwezi kuchomwa mtu ambaye hajui anaumwa. Alijua pia habari za kilele kingine upande wa kusini, ambako msomaji alivunja pazia la mwanamke mmoja kwa nia njema kabisa. Wanawake wote wa kule walivua vikuku vyao wakavitupa korongoni, na tangu siku hiyo wakawa wanapanda bila kujua lolote, hata wale waliokuwa wakitaka kujua.

Alijiambia kwamba Nakijwa ni mtu mzima, na mtu mzima ana haki ya kutoambiwa. Aliposema hivyo, moyo ulitulia kidogo. Kisha Eliwaza akaja.

Eliwaza ndiye aliyefungwa kamba na Nakijwa. Alikuwa binti mwepesi wa kupanda, mama wa mtoto aliyeachishwa kunyonya juzijuzi, na alikuwa akimheshimu Nakijwa kama mama yake mzazi. Alikaa kwenye benchi akasokota ncha ya kanga yake kwa muda mrefu kabla ya kusema alichokuja kusema. Wiki ile aliteleza. Hakuwa ameteleza vibaya, mguu tu uliacha kikanyagio, kamba ikavuta, Nakijwa akamzuia kama alivyomzuia mara nyingi. Lakini Eliwaza alipotazama chini aliuona uso wa mwenzake umekuwa wa kijivu, na mdomo wazi kama mtu aliyekatwa pumzi. Walipofika chini Nakijwa alisema ni baridi. Alishuka mlima akiwa ameshika mgongo.

"Dada Namkunda," Eliwaza alisema, "mimi sitaki siri za Bi Nakijwa. Nataka kujua jambo langu mimi. Nikianguka, atanishika?"

Namkunda alitazama mikono yake. Alimwambia kwamba hana ruhusa ya kusema lolote kuhusu mfupa wa mtu mwingine, na kwamba Eliwaza analijua hilo kwa sababu alikuwepo siku walipokubaliana. Hayo yalikuwa maneno sahihi. Hata hivyo, kama Nakijwa angekuwa mzima, Namkunda angecheka na kumwambia aende akapande. Eliwaza hakuwa mjinga. Alishukuru, akaondoka, na Namkunda akatambua kwamba ukimya wake ulikuwa umekwisha kusema nusu ya siri. Nusu iliyobaki ingezungushwa na watu kuanzia kesho, kila mmoja akiongeza yake, mpaka imfikie Nakijwa ikiwa imeoza.

Akachukua kanga yake, akafunga chumba, akapanda njia ya kwa dada yake jua likiwa bado juu.

*

Nakijwa alikuwa nyuma ya nyumba akikoroga makande. Alimpa mdogo wake kigoda, akaendelea kukoroga. Waliongea kuhusu maharage, kuhusu mtoto wa Nakijwa aliyeko tambarare, na kuhusu kanisa.

"Najua ulichokuja nacho," Nakijwa alisema bila kugeuka. "Nakuomba urudi nacho."

Namkunda alimweleza kwamba Eliwaza alikwenda kwake. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Umemwambia?"

"Sikumwambia. Lakini sikuweza kumwambia kwamba yuko salama."

Nakijwa alifunika sufuria, akaketi juu ya gogo mbele ya mdogo wake. Alikaa polepole, mkono mmoja gotini. Akaanza kuzungumza kuhusu mama yao, jambo ambalo dada hawa wawili hawakulizungumza sana. Mama yao alikuwa amepinda mgongo kwa miaka mingi, na watu walisema ni uzee, wengine wakasema ni mizigo ya kuni, wengine wakasema mengine. Lakini alikuwa akitembea. Alikwenda shamba, alikwenda sokoni, alikwenda kwenye misiba. Kisha siku moja akakohoa, mgongo ukalia, wakampeleka kwa daktari mgeni aliyekuwa akipita milimani, na daktari yule akamwonyesha picha akamwambia kwamba mifupa yake imekuwa kama sifongo, na akianguka hatasimama tena.

"Tangu siku hiyo hakutembea," Nakijwa alisema. "Alikaa kitandani akaogopa. Aliogopa kuinama, aliogopa kwenda chooni, aliogopa wajukuu wasimrukie. Wewe ulikuwa shule. Mimi ndiye niliyemgeuza na kumwosha mpaka akafa. Ile picha ndiyo iliyomwua, Namkunda. Na mimi nilijiapia kwamba sitaiona ya kwangu. Nitapanda mpaka siku nitakayoshindwa, basi."

Namkunda alikuwa amekuja na maneno ya kitaalamu na sasa aliyaona hayana kazi. Alimwuliza dada yake kama daktari yule alisema jambo jingine lolote baada ya picha. Nakijwa akafikiri. Akasema hapana, alifunga mkoba wake akaondoka, kulikuwa na watu wengine wanamngoja.

"Basi mama aliambiwa nusu," Namkunda alisema. "Hakuna aliyemwambia kwamba mfupa ukikaa kitandani unazidi kuisha. Hakuna aliyemwambia atembee. Aliambiwa atavunjika, akaachwa na hilo peke yake."

"Iwe nusu au nzima, mimi siitaki."

"Ungekuwa unapanda peke yako ningeondoka sasa hivi."

Upepo ulileta moshi usoni mwao, wote wawili wakafumba macho. Namkunda alipoyafumbua, alijua kwamba akinyamaza sasa hatasema tena, na kwamba akisema, kiapo chake kitakuwa kimekufa na hakitafufuka.

"Pingili moja ya mgongo wako imeshavunjika, dada. Nyonga nayo iko karibu kuvunjika. Eliwaza akianguka kwa uzito wake wote, huwezi kumshika."

Nakijwa hakulia wala kupandisha sauti. Alinyanyuka kutoka kwenye gogo, akafunua sufuria, akachungulia ndani kana kwamba alikuwa peke yake uani.

"Nenda kwako," alisema.

*

Asubuhi iliyofuata Namkunda alipanda hadi kileleni, mahali ambapo hakuwa na kazi napo. Ukungu ulikuwa mzito na nyavu zilionekana nusu tu, zilizobaki zikiwa zimemezwa. Wapandaji walikuwa wamekwisha kusimama chini ya nguzo wakijifunga mikanda. Nakijwa alikuwa katikati yao, mkanda kiunoni, kamba mkononi, na Eliwaza mbele yake akiwa ameshafungwa upande wa pili. Namkunda alisimama kando ya bomba, mikono imefichwa ndani ya kanga.

Nakijwa alikagua kulabu za Eliwaza moja moja kama kawaida yake. Akavuta mkanda, akapima fundo. Kisha akaanza kufungua kamba kwenye kiuno chake mwenyewe. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi na ilimchukua muda. Akampungia mwanamke mmoja wa makamo, Nanzia, aliyekuwa na mwili wa kutosha na aliyekuwa wa akiba siku ile, akamfunga yeye mahali pake. Alimwambia Eliwaza kwamba kuanzia leo atashikwa na Nanzia, na kwamba Nanzia ana haraka ya kuachia kamba, kwa hiyo amkemee. Eliwaza alifungua mdomo aseme neno, Nakijwa akamgeuza kwa mabega akamwelekeza kwenye nguzo.

Walipopotea ndani ya ukungu, Nakijwa alikwenda akaketi juu ya bomba, karibu na mdogo wake lakini si karibu sana.

"Umeniteremsha," alisema. "Sasa niambie na yaliyobaki."

Namkunda akamwambia. Alimweleza habari za sindano, na kwamba wajenzi wakishaamshwa wanataka kazi, la sivyo wanalala tena. Kazi yao ni uzito, mtu abebe mzigo wa kiasi atembee kila siku, kwanza mdogo, kisha wa kuongezewa. Akamtajia dagaa na mifupa yao, maziwa, mboga za majani na jua la asubuhi. Akamweleza namna ya kuinama kwa magoti wala si kwa mgongo. Nakijwa alisikiliza akitazama juu walikokwenda wenzake, na mara mojamoja aliuliza swali fupi. Hakusema asante, na Namkunda hakutegemea aseme.

*

Jumapili baada ya ibada Namkunda aliomba wanawake wote wa nyavu wabaki. Aliwaambia kwamba amevunja pazia. Hakutaja la nani, ingawa kila mtu alijua, na Nakijwa mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa mbele akiwa ameinua uso. Mwanamke mmoja mzee alijiinamia, akavua kikuku chake, akakiweka juu ya meza, akatoka nje. Mwingine akamfuata.

Aliyezungumza kwanza alikuwa Nanzia. Alisema haoni ubaya wa kilichotendeka, kwa sababu Eliwaza ana mtoto, lakini ana swali.

"Yule ni dada yako, tumbo moja. Kama pazia lingekuwa langu, ungekuja kwangu?"

Namkunda alitamani kusema ndiyo. Aliwatazama, wanawake ambao mifupa yao aliijua kuliko walivyoijua waume zao.

"Sijui," alisema.

Walibishana mpaka mchana. Wengine walisema siri ya mwili ni ya mwenye mwili. Wengine walisema mtu akishafunga kamba na mwenzake, mwili wake si wake peke yake tena. Eliwaza, ambaye kwa kawaida hakusema mbele ya wakubwa, alisema kwamba asingemdharau Bi Nakijwa hata kidogo kama angejua, angemwomba tu akae chini amfundishe kutoka huko. Mwishowe walikubaliana kwamba anayetaka kufungwa kamba na mwenzake hawezi kuweka pazia. Anayefanya kazi ya ardhini, bila kamba, anaweza, na pazia lake halitaguswa. Na walikubaliana kwamba Namkunda hatasoma tena, kwa sababu msomaji aliyekwisha kuvunja neno mara moja hawezi kuaminiwa na walio nyuma ya pazia. Namkunda aliona wana haki. Aliacha ufunguo wa chumba mezani, kando ya vikuku viwili vilivyovuliwa.

Hakupata kazi nyingine upesi. Alirudi kulima shamba lake la tangawizi bondeni.

*

Nakijwa alianza sindano mwezi ule. Kila asubuhi, jua lilipotoka, alitembea kwenye njia ya matuta akiwa na mfuko wa mchanga mgongoni. Mdogo wake alimwona akipita juu ya shamba. Siku moja Namkunda aliacha jembe akapanda akatembea naye, nyuma yake kidogo. Nakijwa hakumfukuza wala hakumsemesha. Ikawa desturi. Mvua za vuli zilikuja na kupita, wao wakitembea hivyo, na kitu pekee kilichosikika kilikuwa pumzi zao na mchanga ukisugua ndani ya mfuko.

Kisha asubuhi moja, walipofika mahali ambapo njia inapanuka na tambarare yote inaonekana chini, Nakijwa alisimama.

"Wewe bado unaona siku zako?"

Namkunda alishtuka, si kwa swali, bali kwa sauti ambayo alikuwa ameikosa kwa muda mrefu. Alijibu kwamba mwaka huu zinakuja na kupotea. Miezi mingine zinakuja mara mbili, miezi mingine hazionekani. Na usiku anaamka amelowa jasho.

"Na mifupa yako inasemaje?"

Namkunda alitazama chini. Alieleza kwamba wasomaji hawakupewa vikuku, vilikuwa vya wapandaji tu. Akasema na kazi ilikuwa nyingi. Akasema alikuwa na nia ya kuazima kikuku akanyage mkeka siku moja jioni baada ya watu kuondoka. Aliendelea kusema hivyo kwa muda, na dada yake akamwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Kwa hiyo uliisoma ya mlima mzima," Nakijwa alisema.

Alitua mfuko wake juu ya jiwe, kwa magoti, mgongo umenyooka. Akaomba kanga ya Namkunda, akaitandaza, akamimina mchanga humo, akaupima kwa macho, akaongeza kidogo. Akafunga fundo zuri la mpandaji. Kisha akamgeuza mdogo wake kwa mabega, akamfunga mzigo ule mgongoni, akauvuta huku na huku kuona kama umekaa.

"Kesho tutakwenda kwa msomaji mpya," alisema. "Leo tembea. Pita mbele nikuone."